Timu 11, mchezaji mmoja: kwa nini Kenny Lofton hakutulia?

Desemba 2024, New York Mets walipomsajili Juan Soto kwa mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765, hata vijiwe visivyojua besiboli ni nini vilishtuka. Kijiweni kwetu, ambako kwa kawaida mada ni Simba na Yanga asubuhi mpaka jioni, jamaa mmoja alisoma habari hiyo kwenye simu, akatikisa kichwa, akauliza: "Huyu kijana ana miaka 26 na hii ni timu yake ya nne. Kama kweli ni mkali, mbona kila mtu anamwachia?"

Swali lake si la kijinga. Limebeba mambo mawili ambayo sisi watu wa soka tunayachukulia kuwa ya kawaida. Moja, mchezaji bora hukaa, na anayehamahama ana walakini, kama si kiwango basi nidhamu. Mbili, mchezaji akihama, ametaka mwenyewe kuhama. Kwenye besiboli ya Marekani yote mawili yanaweza kukupoteza. Ili tuelewane vizuri, tumwache Soto, maana safari yake bado mbichi, tumchukue mtu aliyeimaliza: Kenny Lofton, aliyecheza ligi kuu kuanzia 1991 hadi 2007 akiwa na timu 11 tofauti.

Kwanza mchezo wenyewe. Kama umesoma shule ya msingi Kenya na umewahi kuwatazama wasichana wakicheza raundas, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu michezo hii ni ndugu. Timu moja inapiga, nyingine inalinda. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji ana gongo mkononi (la mbao, siyo lile la kwenye chupa), akiupata mpira anakimbia kuzunguka vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la almasi. Kituo cha nne ndicho alichoanzia, na kinaitwa nyumbani. Ukifika nyumbani salama, pointi moja. Ukinaswa kabla, umetoka, na wakitoka watatu zamu ya timu yenu imekwisha.

Wanaolinda ni tisa. Wengi wako karibu na vituo, lakini watatu wanasimama mbali kabisa, kule kwenye majani: kushoto, katikati na kulia. Hao ndio walinzi wa nje. Yule wa katikati ana eneo kubwa kuliko wenzake, na kazi yake inafanana na ya libero wa zamani kwenye soka: makosa ya wote mbele yake yanamfuata yeye. Ndiyo maana nafasi hiyo hupewa mtu mwenye mbio. Lofton alikuwa wa katikati.

Kazi yake ya pili ilikuwa kuufungua mchezo kwa timu yake, yaani kupiga wa kwanza. Mpigaji wa kwanza hahitaji kuupeleka mpira nje ya uwanja. Anahitaji kufika kituo cha kwanza kwa njia yoyote, kisha awe kero. Na hapa ndipo panapokuja jambo ambalo wageni wa mchezo huu hulishangaa, la kuiba kituo. Uko kituo cha kwanza. Mrushaji anapoanza kuurusha mpira kwa mpigaji, wewe unachomoka kwenda cha pili bila kusubiri mpira upigwe. Mdakaji aliye nyuma ya mpigaji anaudaka na kuutupa kituo cha pili ili unaswe. Umbali ni mita 27 na kidogo, na tangu mrushaji ainue mguu hadi mpira ufike kule ni sekunde tatu na nusu hivi. Ukiwahi, kituo ni chako na hakuna aliyekupa. Lofton aliiba vituo 622 katika maisha yake ya ligi kuu. Kwa miaka mitano mfululizo, 1992 hadi 1996, hakuna aliyemzidi katika ligi yake, American League, moja ya mbili zinazounda ligi kuu, na mwaka huo wa mwisho aliiba 75.

Namba nyingine moja tu, kisha tuziache. Wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.299. Maana yake, katika kila mara kumi alizosimama kupiga, takriban mara tatu aliupiga mpira akafika kituoni salama. Mtu wa soka akisikia hivyo anasema, "kwa hiyo alikosa mara saba?" Ndiyo, na bado huo ni wastani mzuri sana. Ni kama mshambuliaji: hakuna anayemdai bao kwa kila shuti.

Sasa mtu mwenyewe. Alizaliwa 1967 East Chicago, mji ambao pamoja na jina lake haumo Chicago wala jimbo la Illinois, umo Indiana. Alilelewa na bibi yake, mama asiyeona, katika mazingira ya shida. Cha ajabu ni kwamba kijana huyu alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu. Chuo Kikuu cha Arizona kilimchukua kwa ajili ya kikapu, na mwaka 1988 alikuwa katika kikosi kilichofika nne bora ya vyuo vya Marekani pamoja na Steve Kerr, huyu huyu aliyekuja kuwa kocha wa Golden State Warriors. Besiboli aliijaribu akiwa tayari chuoni, akacheza mechi tano tu. Hata hivyo Houston Astros waliiona miguu yake wakamchagua 1988 katika mgawo wa vijana, ambapo timu huchagua kwa zamu, raundi ya 17, raundi ambayo timu hujaribu bahati tu. Wakamruhusu aendelee na kikapu chuoni huku akijifunza besiboli katika ligi za chini wakati wa likizo.

Kuna watu wawili tu waliowahi kucheza nne bora ya vyuo katika kikapu na pia World Series, ambayo ndiyo fainali kuu ya besiboli. Mmoja ni Lofton. Mwingine ni Tim Stoddard, aliyekuwa mrushaji. Wote wawili walisoma sekondari ileile ya Washington, pale pale East Chicago. Sijui maji ya mji ule yana nini.

Septemba 1991 akaingia ligi kuu na Astros. Desemba mwaka huohuo akahamishiwa Cleveland. Hakuombwa ridhaa, na hapa ndipo lilipo fundo la mada yetu.

Kubadilishwa si kuuzwa

Katika soka, klabu ikimtaka mchezaji mwenye mkataba hutoa ada ya uhamisho, na mchezaji lazima akubaliane na klabu mpya. Akisema sitaki, biashara imekufa. Yanga haiwezi kumpigia simu kiungo wake saa nne usiku ikamwambia: tangu sasa wewe ni wa Azam, tumekubadilisha na mabeki wao wawili, kesho uwe mazoezini Chamazi. Tungeandamana.

Kwenye besiboli ya Marekani simu hiyo ni jambo la kawaida. Timu ni 30, zote chini ya ligi moja kuu, na mkataba wa mchezaji ni kitu ambacho timu inaweza kukikabidhi kwa nyingine pamoja na mtu aliyemo ndani yake. Ada ya mamilioni hakuna. Mchezaji hubadilishwa na wachezaji. Cleveland walimpata Lofton na mwenzake mmoja kwa kuwapa Astros mdakaji Eddie Taubensee na mrushaji Willie Blair. Kwa wanaoufuata mchezo huu, biashara hiyo bado inatajwa kama hasara kubwa kwa Houston.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Hata mkataba ukiisha, timu ilibaki na haki juu yako mwaka hadi mwaka. Aliyegoma alikuwa naye mlinzi wa nje wa katikati, Curt Flood wa St. Louis Cardinals. Oktoba 1969 alibadilishwa kwenda Philadelphia, akakataa, na Desemba akamwandikia barua mkuu wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali anachotaka. Akaenda mahakamani hadi Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, akashindwa 1972 kwa kura tano dhidi ya tatu. Msimu mzima wa 1970 hakucheza. Aliporudi 1971 akiwa na Washington alicheza mechi 13, akaacha. Lakini mlango alioubisha ulifunguka: Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kesi ya wachezaji wengine wawili kwa upande wa wachezaji, na tangu hapo kukawa na kitu kinachoitwa mchezaji huru.

Kanuni ya leo iko hivi. Ukiingia ligi kuu, timu inakumiliki kwa misimu sita. Miaka mitatu hivi ya mwanzo mshahara wako uko karibu na kima cha chini, kisha unapanda kidogokidogo. Baada ya misimu sita, mkataba ukiisha, uko huru: timu yoyote ije na hela yake. Mpaka hapo, ukibadilishwa unafunga begi. Kuna kinga moja, ambayo hadi leo wengi huiita kanuni ya Curt Flood: mwenye miaka kumi ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na timu ileile, anaweza kukataa. Lofton hakuwahi kuifikia.

Mrudie Soto sasa. Washington walimbadilisha kwenda San Diego Agosti 2022, San Diego wakambadilisha kwenda Yankees Desemba 2023. Mara zote mbili waliokaa mezani walikuwa mabosi. Alichochagua yeye mwenyewe ni Mets tu. Kwa hiyo jibu la yule jamaa wa kijiweni ni kwamba mahali pa pekee ambapo Soto alisema "nakuja" ndipo alipopewa dola milioni 765.

Kwa Lofton nimezihesabu. Alihama mara 12, maana Cleveland alirudi mara mbili. Sita alibadilishwa, sita alikwenda mwenyewe akiwa huru. Nusu kwa nusu kabisa.

Machi 1997, na ile hofu ya kuachwa bure

Mfano ambao sichoki kuusimulia ni wa 1997, kwa sababu unaonyesha jinsi timu inavyoweza kumwachia mchezaji kwa sababu ni mzuri.

Turudi nyuma kidogo. Agosti 4, 1996, Cleveland wakicheza na Baltimore, B.J. Surhoff aliupiga mpira ukaelekea kutoka nje katikati ya uwanja. Ukivuka uzio, ni pointi, mpigaji anazunguka akitembea. Lofton alikimbia akiwa ameipa kisogo sehemu ya kupigia, akaukwea ukuta kwa mguu kama mtu anayeruka geti la shule, nusu ya mwili ikawa juu ya uzio, mkono wa glavu ukaenda upande wa pili, akaurudisha mpira ndani. Jiji zima lilikuwa lake. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 1995 kule Seattle, mdakaji aliukosa mpira uliorushwa na Randy Johnson, jitu la mita mbili na sentimita nane. Lofton alikuwa kituo cha pili. Kwa kosa la namna ile mtu husogea kituo kimoja na kushukuru. Yeye alipofika cha tatu hakusimama, akaendelea hadi nyumbani, na Johnson akabaki ameduwaa. Cleveland wakaingia World Series kwa mara ya kwanza tangu 1954.

Mtu wa namna hiyo unambadilishaje? Mkataba wake ulikuwa unaisha mwishoni mwa 1997. Msimu mmoja kabla, mpigaji wao mkubwa Albert Belle alimaliza mkataba akaenda zake Chicago White Sox, na Cleveland hawakubaki na mchezaji yeyote badala yake. Wakaogopa yasijirudie. Machi 25, 1997 wakampeleka Lofton Atlanta pamoja na mrushaji Alan Embree, wao wakapokea walinzi wa nje wawili, Marquis Grissom na David Justice.

Mwaka huohuo Cleveland wakafika World Series bila yeye, wakafungwa katika mechi ya saba na ya mwisho. Atlanta, wakiwa naye, waliishia hatua moja kabla ya fainali. Msimu ulipoisha Lofton akawa huru, na akachagua kurudi palepale alikofukuzwa kwa hofu, Cleveland. Akakaa hadi 2001.

Kila Julai begi mlangoni

Kuanzia 2002 ndipo alipopata sifa ya mzururaji, na ndipo uzushi kwamba "aliisha" unapotoka. Alikuwa na miaka 34, akisaini mikataba mifupi. Lakini angalia tarehe. Katika besiboli kuna kitu kama dirisha dogo, ila hufungwa katikati ya msimu, mwishoni mwa Julai. Timu iliyokwisha kukata tamaa huwaachia wazoefu wake, ikachukua vijana. Timu inayonusa ubingwa hununua uzoefu wa miezi mitatu. Sasa: Julai 2002 kutoka White Sox kwenda San Francisco Giants. Julai 2003 kutoka Pittsburgh kwenda Chicago Cubs. Julai 2007 kutoka Texas kurudi Cleveland. Mara zote tatu, timu iliyomchukua ilifika hatua ya mtoano, na angalau nusu fainali ya ubingwa.

Mchezaji aliyeisha hachukuliwi hivyo. Alikuwa kama fundi anayeitwa nyumba ikiwa imebakiza paa. Katikati ya hayo alipita Yankees, akabadilishwa kwenda Philadelphia ambako 2005, akiwa na miaka 38, alipiga 0.335, kisha Dodgers. Kwa jumla alicheza mtoano katika misimu 11 kati ya 17. Kuna magwiji waliokaa timu moja maisha yao yote ambao hawakuuona mtoano mara tatu.

Lakini kuhamahama kuna bei, na hapa siwezi kumlaumu anayesikitika. Waswahili wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kila timu aliikuta na mashujaa wake, akaingia, akafanya kazi, akaondoka kabla mashabiki hawajamchapisha mgongoni mwa jezi. Jina lake lilipofika kwa waandishi wanaopigia kura Jumba la Magwiji, 2013, alipata asilimia 3.2. Chini ya asilimia tano jina linafutwa kwenye karatasi moja kwa moja, bila nafasi ya mwaka wa pili. Kwa haki, ulikuwa mwaka wa ajabu: Barry Bonds na Roger Clemens, wenye utata wa dawa za kuongeza nguvu, walikuwa kwenye karatasi hiyohiyo kwa mara ya kwanza, wapiga kura wanaruhusiwa majina kumi tu, na waandishi hawakumpitisha mtu hata mmoja. Nionavyo mimi, Lofton alimezwa na kelele za wengine. Mtu atasema alihama sana ndiyo maana. Sikubali. Rickey Henderson, mwizi wa vituo asiye na mfano, alichezea timu tisa na akaingia Jumbani 2009 bila ubishi. Na rekodi ya timu nyingi, ambayo ni 14, iko kwa warushaji, si kwa watu wa nje.

Kombe je?

Hilo ndilo swali la mwisho la kijiweni kila mara, na jibu ni hapana. Hakuwahi kutwaa World Series. Mwaka 2002 ni yeye aliyepiga mpira wa ushindi uliowapeleka Giants fainali, mbele ya watu wao San Francisco. Na ni yeye aliyesimama kupiga wa mwisho kabisa katika mechi ya saba ya fainali hiyo, akaupiga juu, Darin Erstad wa Angels akaudaka, kwisha.

Halafu kuna Oktoba 21, 2007, Boston, mechi ya saba, mshindi anaingia World Series. Lofton ana miaka 40, amevaa tena jezi ya Cleveland, timu ambayo siku hizi inaitwa Guardians. Ngwe ya saba, yaani zamu yao ya saba ya kupiga, wako nyuma 3 kwa 2. Yuko kituo cha pili. Franklin Gutiérrez anaupiga mpira chini kushoto, unapita juu ya kituo cha tatu, unagonga ukuta wa jukwaa uliojitokeza pale pembeni na kurukia ndani ya uwanja, kwenye majani matupu. Lofton anakuja kwa kasi yake yote. Kila anayeifahamu miguu ile anajua anafika nyumbani, 3 kwa 3.

Kocha wa kituo cha tatu, Joel Skinner, anainua mikono: simama. Lofton anasimama. Mpigaji anayefuata anaupiga chini, Boston wanawatoa wawili kwa mpira mmoja, ngwe imekwisha. Boston wakashinda 11 kwa 2, na ile ikawa mechi yake ya mwisho ya ligi kuu.